Plagi ya Kwanza Ilikuwa Safi

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, injini iliwaka na gari zima likatetemeka. Kikombe kilichowekwa juu ya dashibodi kilianguka, chai ikamwagika. Taa ya injini ilipepesa kidogo, kisha ikabaki inawaka.

Mpima ardhi alizima, akawasha tena. Likatetemeka vilevile. Kwenye kiti cha abiria alikaa mdogo wake, fundi cherehani, amejifunika blanketi magotini.

"Dada, hili gari lina homa kunizidi."

"Nyamaza kwanza, niisikilize injini."

Figo za fundi cherehani zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, ilimbidi awe katika hospitali ya mji wa pili, ng'ambo ya milima, asafishwe damu kwa mashine. Basi lilifika huko mchana, na nafasi ya saa tatu haikumngoja mtu. Kilichomfikisha ni gari hilo la haibridi, lenye injini ya petroli na betri kubwa nyuma ya viti, ambalo dada yake alilinunua likiwa limeshatumiwa na watu wawili.

Alimpigia simu fundi wa magari, mtu waliyemzoea kwa jina la Taratibu.

"Hiyo ni koili au plagi, dada, cheche haiwaki vizuri. Usiende nalo mbali, litawalaza njiani."

Alitii. Siku hiyo mdogo wake hakusafishwa. Daktari alisema kwenye simu kwamba mgonjwa apunguze maji na chumvi, na Alhamisi asikose. Hilo la mwisho alilirudia.

Jumanne mpima ardhi aliingia duka la spea akiwa na kioo cha kukuzia alichokitumia kusomea ramani. Mwenye duka, mama mwenye sauti ya kufika barabarani, alimpangia maboksi matatu ya plagi juu ya kaunta.

"Hii orijino. Hii binamu yake. Na hii," akaisukuma ya tatu kwa kidole, "ni ya kuombea dua."

"Binamu wa upande gani?"

"Wa mbali, mwanangu. Wanakutana msibani tu."

Mpima ardhi alilinganisha namba za boksi na zile za kitabu cha gari. Akachunguza ncha. Ya orijino ilikuwa nyembamba kama sindano na ilisimama katikati kabisa. Ya binamu ilikuwa imeegemea upande, na maandishi yake yalibanduka alipoyakwaruza kwa ukucha. Akageukia koili, akabonyeza mpira wake kuona kama ni laini, akakagua meno ya shaba moja moja.

"Utainunua au utaiposa?" mwenye duka aliuliza.

"Nikikosea hapa, mdogo wangu ndiye atakayeumia."

Mwenye duka aliacha utani. Akamfungia plagi nne na koili nne, zote orijino.

Jumatano Taratibu alizifungua za zamani. Jina lake lilitokana na kazi yake: kila alichokitoa alikilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio kama kilivyokaa kwenye injini. Plagi ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa za kahawia, zina masizi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi kama kijiko kilichotoka kuoshwa.

"Ione hii," alisema. "Silinda ya kwanza inachoma vizuri kuliko wenzake. Zote zingekuwa hivi, tusingeonana leo."

Mpima ardhi aliitazama kwa kioo chake. Hakuona kasoro, akakubali.

"Na maji ya rejeta?" Taratibu alifungua bonneti zaidi, akachungulia chupa ya maji iliyo kando ya injini. "Yamejaa. Safi."

Yalikuwa yamejaa kwa sababu mpima ardhi aliyajaza asubuhi hiyo kabla ya kuja. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiyaongeza mwenyewe, kidogo kidogo, na kupangusa chupa vizuri. Aliamini kuwa gari kuukuu lazima linywe. Hakulitaja hilo. Halikuwa jambo alilolificha. Aliliona kuwa la usafi, kama kufuta vioo.

Taratibu alifunga vipya vyote, akawasha. Injini, ambayo bado ilikuwa na joto la safari ya kuja, iliunguruma kwa utulivu.

"Sikia! Linanong'ona kama bibi harusi."

Plagi za zamani alizitia kwenye boksi la zile mpya, akaziweka nyuma ya gari. Alifanya hivyo kwa kila mteja, asije mtu akadai amebakishiwa kitu.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi gari lilitetemeka tena.

Miguu ya fundi cherehani ilikuwa imevimba hata viatu vilikataa, alivaa ndala. Baada ya muda mtetemo ulipungua, kisha ukaisha.

"Limetulia," mpima ardhi alisema.

"Basi limenizidi."

Mpima ardhi alishuka, akafungua bonneti, akaongeza maji. Mara hii chupa ilikunywa zaidi. Alitazama saa, akafunga bonneti, wakaondoka.

Tambarare waliipita bila shida. Kwenye mlima injini ilibeba mzigo wote. Katikati ya mwinuko taa nyekundu ya joto iliwaka, mvuke ukatoka chini ya bonneti, injini ikazimika. Betri ililivuta gari hadi mwisho wa kona, nayo ikaisha.

Mpima ardhi alifungua nyuma kutafuta kitambaa. Palikuwa na chupa tupu ya maji aliyokuwa akiongezea rejeta, na kando yake boksi la plagi. Alizitoa, akazipanga juu ya kitambaa kama Taratibu alivyozipanga. Tatu za kahawia, moja nyeupe. Aliitazama ile nyeupe, akaitazama chupa.

Gasketi ya injini, inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, ilikuwa imekatika. Gari likilala, maji yalipenya silinda ya kwanza. Likiwashwa asubuhi yaligeuka mvuke, na gari likatetemeka hadi yaishe. Mvuke ndio ulioiosha plagi. Plagi mpya alizozichagua dukani kwa uangalifu wote hazikuwa na kosa. Hata zile za zamani pengine hazikuwa na kosa.

"Umepata nini huko?" mdogo wake aliuliza. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Jibu."

"Linatembea?"

"Hapana."

"Basi hilo jibu lirudishe ndani, dada. Ufunge mlango, baridi."

Magari mawili yalipita bila kusimama. Lori la mchanga lilisimama. Dereva na mpima ardhi walimnyanyua fundi cherehani, mmoja kwapani na mwingine miguuni. Ndala moja ilibaki barabarani.

Walifika hospitali mchana. Mashine zote zilikuwa na watu. Muuguzi alimlaza fundi cherehani kwenye kitanda cha korido, akamvisha kinyago cha oksijeni, akamwita jina lake mara mbili. Hakuitika. Muuguzi akamgeukia mpima ardhi, akauliza ndugu wa karibu ni nani.

"Ni mimi," alisema.

Muuguzi akaandika.