Pakiti Chini ya Kaunta

Waliingia wameshikana mikono, mvua ya saa tisa ikiwafuata hadi mlangoni. Kipkosgei na huyo Winny wake, nesi wa Longisa, viatu vyake havijui tope. Kericho nzima ina wachapishaji, lakini kadi zao za harusi ilibidi zije kwangu.

"Habari ya kazi, Phyllis," akasema Kipkosgei, kana kwamba sikumngoja miaka mitatu amalize nyumba ndipo tuoane.

Nikawatandazia sampuli. Karatasi ya gramu themanini Winny aliiinua kwenye mwanga, akaona vidole vyake upande wa pili, akaisukuma kando. Ile ngumu ya manila aliikunja, akapapasa mkunjo kuona kama umechanika. Nilimwonea wivu. Angekuwa hajui kuchagua, ningepata angalau cha kumcheka.

"Sister, na hiyo ingine hapo chini?"

Winny alikuwa ameiona pakiti yangu chini ya kaunta. Gramu mia mbili na hamsini, rangi ya malai, ina mistari midogo kama ya kitambaa. Ilibaki tulipochapisha kadi za kumuaga meneja mmoja wa shamba la chai, nami nikainunua, nikaifunga kwa nailoni isivute unyevu. Ilikuwa ya kadi zangu mimi. Siku niliyoinunua nilimpa Kipkosgei aishike, tukiwa hapa hapa, naye akasema, "Hii ndio yetu."

"Hiyo haiuzwi," nikajibu. "Iko na mwenyewe."

"Si tushike tu kidogo?"

Ningekataa, lakini nilitaka Kipkosgei aione. Nilitaka vidole vyake vikumbuke, uso umbadilike kidogo tu, huyo nesi aulize kuna nini, akose usingizi kama nilivyokosa mimi. Kwa hiyo nikafungua nailoni, nikampa Kipkosgei kwanza. Ni karani wa kupima majani chai kule Merigi, mtu wa kushika kitu akajua uzito wake.

Akaipapasa. Akaigeuza. Akacheka kwa furaha.

"Aii, Winny, shika! Mi sijawahi shika karatasi kama hii."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo. Nilikuwa nauombea uongo, maana mtu hudanganya kuhusu kitu anachokikumbuka. Uso wake haukuficha kitu, haukuwa na hata aibu.

Winny aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama sana, kisha akanirudishia taratibu.

"Lakini si amesema iko na mwenyewe? Wacha tuchukue tu manila."

Hata huruma alikuwa nayo. Nilimchukia kwa hilo pia.

"Mwenyewe ameghairi," nikasema, nikaisukuma pakiti nzima upande wao. Kisha nikavuta kalamu na kipande cha karatasi.

"Haya. Jina kamili la bibi harusi."