Mnunuzi wa Mama Adrienne

Mama Adrienne alikuwa tayari kuacha kila kitu Likasi, isipokuwa kitu kimoja: hakutaka kuondoka kabla jirani yake Hilaire hajaumia.

Mpango wa zamani ulikuwa mzuri. Mume wake, Kazadi, akishastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kwenye karakana za mtaa wao wa Panda, wangeuza nyumba taratibu, kwa mtu mwema, kisha warudi Kasai kulima shamba la baba yake. Mwaka wa tisini na tatu ukauvuruga. Vijana wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakitaja nani si mwenyeji, arudi kwao, na Wakasai wakawa wanalala stesheni juu ya magodoro, wakingoja treni. Muuzaji alikuwa na wiki mbili, mnunuzi alikuwa na muda wote duniani.

Aliyewaonyesha vijana mlango wao ni Hilaire. Jirani wa ukuta mmoja, huyo, aliyekula bukari, ugali wa huko, mezani kwao kila Jumapili. Kazadi alikuwa amefungua hata kijimlango ukutani ili watoto wa nyumba zote mbili wapite bila kuzunguka. Adrienne alimwona kwa macho yake akinyoosha kidole. Kesho yake Hilaire akakipigilia kijimlango misumari kwa upande wake, na keshokutwa akaja kwa mlango wa mbele, amenyoa ndevu, kuinunua nyumba kwa magunia mawili ya unga. Pesa siku hizo zilikuwa zinaozea mfukoni, hakuna aliyezitaka.

Kazadi alisema wakubali tu. Mwanaume alikuwa amechoka, alikwishafunga mpaka vyombo vyake vya kazi. Adrienne akakataa, akatafuta mnunuzi mwingine. Lakini kila aliyekuja kutazama vyumba aliondoka bila kurudi, kwa maana Hilaire alimsubiri nje na kumnong'oneza avute subira, nyumba itaachwa bure.

Pale mtaani, karatasi ya kuuza nyumba haikukubalika bila sahihi ya jirani wa mpakani, aseme hana ugomvi wa kiwanja. Shefu wa mtaa akamwita Hilaire, akamuuliza mbele ya watu. Hilaire alijua hakuna mnunuzi, basi akajifanya mkarimu.

"Minye niko na palabre na nani? Mama Adrienne alete muntu yeyote mwenye anapenda, minye nasaini. Shefu, andika vile."

Watu wakacheka. Shefu akaandika, Hilaire akatia sahihi yake chini. Adrienne naye akacheka kidogo, akashika njia ya sokoni.

Alikwenda kwa Mélanie, muuza unga. Kila mtu Panda alimjua Mélanie. Alikuwa mke wa kwanza wa Hilaire, yule aliyefukuzwa baada ya miaka kumi na mitano na kifurushi kimoja cha nguo, ili aingie msichana wa miaka kumi na tisa. Aliposikia ni nyumba ipi, akasema ukweli: alikuwa na gunia moja la kutoa, la pili hana.

Adrienne akafikiria njaa ya stesheni, wiki ngapi Mungu anajua. Kisha akafikiria uso wa Hilaire. Akamwambia Mélanie avae kitenge kizuri, waende kwa shefu.

Hilaire alifika akitabasamu. Alipomwona aliyekaa kwenye kiti cha mnunuzi, tabasamu likamkauka. Akaanza kusema kwamba mpaka, kwa kweli, haujanyooka, kwamba ukuta umeingia kwake. Shefu akafungua daftari, akamsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, na sahihi yake chini. Wale waliocheka juzi walikuwa mlangoni. Hilaire akasaini.

"Mungu akubariki, voisin," Mélanie akamwambia jirani yake mpya.

Adrienne alikuwa na hofu ya Kazadi tu, na lile gunia moja. Kazadi alilitazama. Kisha akafungua mzigo wake wa vyombo, akatoa nyundo, akamkabidhi Mélanie pamoja na ufunguo.

"Kale kamulango," akasema, "ukipiga toka huku, misumari inatoka."

Walikuwa hawajafika mwisho wa barabara, wakisukuma mkokoteni, waliposikia nyundo. Ikagonga, ikapumzika, ikagonga tena, na sauti ya yule mke mdogo ikauliza ni nani. Adrienne hakugeuka. Roho yake ilikuwa imetulia, hata aibu hakuiona. Tangu siku ya kile kidole chakula kilikuwa hakipiti kooni. Sasa, kwa mara ya kwanza, alisikia njaa, njaa kali, na mbele yao ilikuwa stesheni, na kwenye mkokoteni lilikuwa gunia moja.