Mkono Chini ya Shingo

Mimi siwezi kula peke yangu. Tangu msichana wangu Jackie aolewe huko Ngong, nikipika chai bado napika ya watu sita, na kabla haijachemka hao sita wamepatikana. Kwangu Kitengela saluni iko mbele, nyumba iko nyuma, katikati kuna pazia tu, na hilo pazia mchana halijawahi kufungwa. Kwa hivyo ukisikia kwamba saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye mchanga wa Nungwi, kule Unguja, na mkoba na taulo, bila hata mtu wa kumwambia "nishikie hii," ujue kuna kitu kiliharibika.

Aliyekiharibu ni mimi.

Miaka tisa Fosiya alikuwa na duka la madira na mashuka mlango wa pili kutoka kwangu. Katikati yetu kulikuwa na mabati tu. Akipiga chafya, mimi nasema pole. Mume wake, Burale, hununua mbuzi Mashuuru, kwa hivyo wiki nzima hayuko, na mimi marehemu Njuguna aliniacha zamani, kwa hivyo chakula cha mchana tulikula pamoja kila siku. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na ya wote wawili.

Siku moja mteja mmoja alituonyesha kwenye simu harusi ya binamu yake kisiwani. Walikuwa wamepanda katamarani, ile mashua yenye matumbo mawili na wavu katikati. Watu wamejilaza kwenye wavu, bahari inapita chini yao, halafu wanashuka wanaogelea kwenye maji ya rangi ya chupa ya soda. Fosiya aliiangalia mara mbili. Akasema, "Mama Jackie, mimi na wewe tutaenda hapo."

Shida ni kwamba hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Mimi maji mengi niliyoyajua ni ya tangi. Basi Jumatatu, siku ambayo saluni haina watu, tukaanza kwenda Kisaju kwenye hoteli moja yenye bwawa. Mwalimu alikuwa Mulei, mwanajeshi mstaafu. Fosiya alikuja na vazi lake la kuogelea la mikono mirefu lenye kilemba. Mimi nilivaa jezi ya mpira ya marehemu.

Mulei alikuwa na sheria moja: hakuna anayeingia bila mwenzake. Mmoja analala juu ya maji, mwingine anamwekea mkono chini ya shingo, na polepole anautoa. Jumatatu ya pili Fosiya alielea kama jani. Mimi nilimaliza mwaka mzima. Nilijifunza kupiga miguu, nilijifunza kuvuka bwawa nikishika ubao, lakini kuelea, hapana. Mkono wake ukitoka, mimi nazama.

"Kichwa ni kizito, abaayo," alikuwa akinitania. Hilo ndilo jina alilonipa, dada kwa lugha yao. "Kimejaa mambo ya watu."

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mkono wake ukiwa hapo hapo chini ya shingo yangu, aliponiambia ana uvimbe kwenye titi. Masikio yangu yalikuwa ndani ya maji, nikasikia nusu, nikasimama. Alirudia kwa sauti ya chini. Madaktari walikuwa wamekata kipande wakapime. Burale alikuwa anajua, na sasa mimi. Mama yake aliye Garissa alikuwa na moyo mgonjwa, na alitaka kusafiri amwambie mwenyewe, akiwa amemshika mkono, siku atakayojua ni nini hasa.

"Ni wewe tu," akasema.

Niliapa. Na kusema ukweli nilikaa nayo siku nne, ambazo kwangu mimi ni kama mfungo. Siku ya tano ilinikaa kooni nikashindwa kumeza. Na huku kwetu, unajua, hatusengenyi mtu. Tunaomba maombi. Ukitaka kusema habari ya mtu bila dhambi, unaipeleka kama ombi. Basi nikafungua grupu ya WhatsApp, nikaiita "Tumwombee Fosiya," nikaongeza watu themanini na saba: wateja, mama wa kanisa, wenye maduka, Nyawira wa mboga, hata yule wa maziwa ya ngamia. Nikaandika kila kitu. Nililia nikiandika, ndivyo nilivyompenda. Na yeye Fosiya nikamwongeza, nikidhani atafurahi kuona umati.

Simu ikaandika kwamba Fosiya ametoka.

Kufika jioni mwanamke asiyejulikana alikuwa amempigia mama yake Garissa kumpa pole. Hakufa, Mungu ni mkubwa, lakini alilazwa siku tatu.

Fosiya alikuja akasimama kwenye pazia. Hakuingia. Saluni ilikuwa imejaa na kwa mara ya kwanza ikanyamaza. Aliniambia, "Umefika kwa mama yangu kabla yangu," akaenda. Wiki haikuisha duka likawa tupu. Walihamia Kajiado mjini. Siku hizi mlango wa pili wanauza vifuniko vya simu, na kijana mwenye duka akipiga chafya simjibu.

Nilimtumia jumbe za sauti, ndefu, fupi, za kulia. Alama mbili za buluu, basi. Na hapo ndipo nikaonja. Mimi, ninayejua mwenye mimba kabla mume wake hajajua, sikujua kama rafiki yangu ana saratani au hana. Nikauliza wanaopita Kajiado. Mmoja alisema amemwona sokoni amenenepa. Mwingine akasema yuko hospitali Nairobi, imeshaingia kwenye mifupa. Wote walikuwa na uhakika.

Safari tulikuwa tumeshalipa tangu Januari. Yeye ndiye alizungumza na watu wa mashua, kila mmoja akabaki na tiketi yake. Wiki moja kabla nikamtumia ujumbe: nitakuwa huko, nafasi yako iko. Buluu. Kwenye ndege kiti cha kando yangu kilibaki wazi, nikaweka mkoba. Hotelini chumba kilikuwa na vitanda viwili. Nilijiambia anaweza kuja na ndege ya baadaye. Asubuhi ile pale mchangani kila gari liliposimama niligeuka.

Mwongozaji wa mashua alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi na sauti ya kuadhini. Akasoma majina kwenye karatasi, wawili wawili. Nilipoitwa nilisubiri jina la pili. Akaliruka akaenda kwa wengine.

"Mbona hujamwita Fosiya?"

"Yule bibi alipiga simu jana, mama. Hatokuja." Halafu akaniangalia kama anayetaka kuongeza neno, akaliacha.

Tukapanda. Tulikuwa kumi na wawili na mimi ndiye nilikuwa wa kumi na mbili. Wengine ni wawili wawili, na wale watatu waliokuja pamoja, mmoja wao alikuwa mjamzito, kwa hivyo nao wakawa kumi na wawili bila mimi. Nilijaribu, ninyi mnanijua. Niliuliza mmoja ametoka wapi, akasema Poland, nikamwambia karibu, kana kwamba bahari ni yangu. Akatabasamu vizuri, akarudi kumpaka mumewe mafuta mgongoni. Tanga likapanda, injini ikazimwa, na kukawa na ukimya ambao sijawahi kuusikia. Nikajilaza kwenye wavu tuliouona kwenye simu. Chini yangu maji yalipita ya rangi ile ile. Nikasema, "Ona, Fosiya," kwa sauti. Hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyeelewa.

Tulipofika kwenye matumbawe wakatia nanga. Mwongozaji akagawa miwani ya majini na jaketi za kuelea, akasema kila mtu awe na mwenzake. Watu wakashikana mikono. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya jaketi.

Ndipo mwongozaji akaja akaniwekea mkono begani, akawageukia wote na ile sauti yake, kwa Kiingereza ambacho nilikielewa chote. Akawaeleza kwamba rafiki wa mama huyu alipiga simu kutoka Kenya. Kwamba mama huyu ametoka mbali na hana mtu. Kwamba hawezi kuelea bila mkono chini ya shingo, na anaogopa, na ataona haya kusema, kwa hivyo asiachwe. Basi tumsaidie mama sote, sawa?

Wakapiga makofi. Yule wa Poland akaweka mkono kifuani akaniinamishia kichwa upande, vile watu huangalia mtoto aliyeanguka. Macho ya watu kumi na mmoja. Ninaijua dawa ya kulainisha nywele. Ukiipaka, mwanzo ni baridi, ni tamu. Ikipita dakika zake ndipo inaanza kula ngozi, na mteja anakaa kimya kwa sababu anajua unamtendea mema.

Nikamvuta kando. "Alikuambia uwaambie watu?"

"Hasha. Aliniambia mimi tu. Alisema nisikutangaze." Alisema bila wasiwasi wowote, mtu mwema kabisa. "Lakini mama, nikaona tukijua sote si ndiyo kheri yako?"

Maneno hayo niliyajua. Niliyaandika mwenyewe, kwa watu themanini na saba.

"Ni kheri," nikamwambia. Nikashika nguzo. Halafu nikamwuliza lile ambalo lingenitoa roho nisipouliza. "Sauti yake ilikuwaje?"

Akafikiri. "Sauti ya mtu tu. Nilimsikia kwa taabu, palikuwa na mbuzi wengi."

Mbuzi. Basi alikuwa mnadani na Burale. Mtu aliyelazwa hospitali hasimami katikati ya mbuzi akishughulika na mashua. Kabla sijamaliza kuwaza, mkono ulikuwa umeshatoa simu kwenye ule mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, na kidole kimeshafungua grupu. Nilikuwa nimeandika "Wapenzi, Fosiya ni mz"

Nikaangalia hayo maneno. Mbuzi na sauti kwenye simu, na mimi tayari nimemponya. Nikafuta herufi moja moja mpaka pakawa peupe.

Nikavua jaketi, nikashuka ngazi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, chumvi ikanipanda puani. Mwongozaji akaja akaniwekea mkono chini ya shingo, na yule wa Poland naye akaogelea akaleta wake mgongoni. Mikono mizuri, lakini si ule ninaoujua. Nikawaomba watoe. Hawakutaka. Nikasema tena, na nadhani sura yangu iliwaambia.

Mara ya kwanza nilizama. Nilimeza, nikakohoa, nikamwinulia mwongozaji kidole asije. Mara ya pili nikalaza kichwa nyuma, zaidi ya vile nilivyowahi, mpaka maji yakafunga masikio. Sauti zote zikazimika, watu, mashua, na mwisho hata yangu. Ninajua sikuwa nikiwaza chochote cha kumsimulia mtu. Mbingu ilikuwa pana sana na hapakuwa na yeyote ndani yake. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilielea, na Kitengela nzima hakuna aliyejua.

Wakati wa kurudi watu walikula matikiti maji na kusinzia mabegani mwa wenzao. Mimi nikakaa kwenye kona ya wavu na simu. "Tumwombee Fosiya" ilikuwa na jumbe arobaini mpya. Maua ya asubuhi njema. Mtu anauza mayai ya kienyeji. Na Nyawira: "Mama Jackie, tupe stori, huyo mtu alikuja ama aliringa?"

Ningeweza kuivunja hiyo grupu tangu siku ile ya pazia. Sikuivunja kwa sababu ilikuwa na watu. Ukweli ni huo. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa naifungua kama mtu anayechungulia nyumba yenye taa.

Sasa, grupu haifi kwa kutoka wewe. Lazima umtoe kila mtu kwanza, mmoja mmoja, kwa jina. Nikaanza na Nyawira. Nikamtoa wa maziwa ya ngamia, nikawatoa mama wa kanisa, kila mara simu ikiniuliza kama nina hakika, na mimi nikijibu ndiyo. Tulipoanza kuona minazi ya Nungwi walikuwa wamebaki ishirini. Nanga ilipotiwa, alibaki Soipan wa viatu, ambaye hakuwahi hata siku moja kuandika neno. Nikamwomba msamaha moyoni nikamtoa. Kwenye orodha likabaki jina langu.

Tulishukia majini mpaka magotini, viatu mkononi. Pale pale nilipokanyaga mchanga mkavu nikamwandikia Fosiya. Sikurekodi sauti. Niliandika: "Nimeelea. Sijamwambia mtu."

Wengine walipita wakanipungia, wawili wawili, wakaenda kutafuta chakula. Alama zikageuka buluu. Kisha, chini ya jina lake, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, pakaandikwa: anaandika.

Pakafutika. Pakaandikwa tena. Pakafutika.

Jua lilikuwa limeanza kuuma mabega na chumvi inakauka usoni. Sikumtumia neno lingine kumhimiza. Nikakaa kwenye mchanga, nikaweka simu juu ya taulo, nikasubiri.