Firigisi ya Bata Mzinga

Sikuzani alikuwa ameshamwambia Ngassa mara tatu, juu ya ua wa mabati, kwamba firigisi ya bata mzinga haimhusu. Ngassa akajibu kwamba firigisi huliwa na mwenye nyumba. Kaka yake Raymundi amekufa, basi mwenye nyumba ni yeye.

"Mwenye nyumba yupo jikoni anakamua ndimu," Sikuzani akasema. "Wewe ni jirani yake tu, kama mimi. Ila mimi nina haya."

Ilikuwa siku ya arobaini ya Raymundi. Mtaa mzima ulijua nyumba ile ilijengwa kwa tumbaku ya mjane, Advera, misimu mitatu ameinama mashambani Usoke. Marehemu mwenyewe alikuwa akilitangaza hilo kila kilabu cha pombe.

Ndege alichinjwa na Mabruki, mume wa Sikuzani, ili Waislamu wa mtaani nao wale. Advera akampaka tangawizi, kitunguu saumu na asali ya Ipole, akamweka mzima kwenye sufuria la pilau, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Firigisi akairudisha tumboni mwa ndege, akashona. Alishachoka na maneno.

Saa nane bata mzinga akaletwa kwenye sinia, mwekundu, anang'aa mafuta. Ngassa akashika kisu. Ndege akasimama.

Hakuwa na kichwa, kwa hiyo alitembea polepole, akizunguka jamvi. Watu walisogeza glasi asizimwage. Kwa Ngassa alisita kidogo, akampa mgongo. Kwa Advera akachuchumaa, uzi ukafumuka, firigisi ikadondoka kwenye sahani ya mama wa watu. Kisha akarudi kwenye sinia akalala.

Mabruki akasema ameiva vizuri. Mzee Valentino, baba mdogo wa marehemu, akasema mambo yamekwisha, ndege ameshaamua. Hata Ngassa alikubali.

"Nyumba ni ya shemeji, nani amekataa?" akasema, huku anatoa mfukoni muhtasari wa kikao cha ukoo, kikao ambacho Advera hakuitwa. "Ila hapa nimeandikwa mimi. Na mhuri umeshagongwa."

Advera akamgeukia mzee. "Baba mdogo, na wewe ulisaini?"

"Nilisaini, mwanangu," Valentino akasema, akaomba asogezewe paja.

Watu wakala. Wakati wanakula, wapwa wawili wa Ngassa walitoa nje kitanda cha Advera, cherehani na godoro. Sikuzani aliwatukana mpaka sauti ikakauka. Walimwomba apishe mlango. Advera akakaa juu ya godoro lake uani, jua kali, akatafuna firigisi yote, taratibu, bila kumwachia mtu.

Ngassa akatokea mlangoni anajilamba vidole.

"Shemeji, mbona juani? Karibu ndani ule. Usione haya."