Figo Tatu za Mheshimiwa

Mdogo wake aliitwa Mheshimiwa tangu utotoni, na si kwa sababu ya cheo, maana hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja wa darasa. Jina alipewa kwa kuwa kila kazi ya nyumbani ilimkuta amekaa. Siku hizi alikuwa afisa ugavi wa shirika fulani. Alikuwa na tai nane, kiti kinachozunguka, na ndani ya tumbo lake, chini upande wa kulia, figo ya dada yake.

Dada mtu alikuwa fundi bomba. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yao, pamoja na sanduku la spana ambalo Mheshimiwa hakuwahi kulinyanyua. Miezi minane iliyopita alilazwa, akapasuliwa ubavu, figo yake ya kushoto ikatolewa, akapewa huyu bwana. Asante hakuipata, wala hakukaa akiisubiri. Alimjua ndugu yake. Neno hilo lingemvunja mgongo.

Simu ya wifi yake ilimkuta asubuhi chini ya sinki la mteja.

"Wifi, njoo. Ameacha dawa. Leo siku ya pili."

"Dawa zipi?"

"Zote. Juzi si alikwenda kupigwa ultrasaundi, ile ya kuangalia maendeleo? Majibu yamesema figo zake za zamani bado zipo. Sasa anasema alidanganywa, hakuwa mgonjwa kiasi kile."

Fundi akakaa kitako kwenye sakafu iliyolowa. Dawa zile ndizo zilizouzuia mwili wa Mheshimiwa usiishambulie figo ngeni. Bila hizo, figo aliyozaliwa nayo yeye, aliyotembea nayo miaka arobaini na sita, ingefia ndani ya tumbo la mpumbavu, na hakuwa na nyingine ya kutoa. Alimpigia muuguzi wa kliniki. Muuguzi akasema anywe dozi yake ya leo kama kawaida, asiongeze ya kufidia, kisha aletwe leo hii hii apimwe damu.

Alimkuta sebuleni, miguu juu ya meza. Mdogo mtu hakumwamkia dada yake.

"Najua kilichokuleta," Mheshimiwa akasema, akipunga karatasi ya majibu. "Soma hapo mwanzo. Figo ya kulia inaonekana. Figo ya kushoto inaonekana. Nilikuwa na figo zangu muda wote. Nimepasuliwa bure."

"Tumepasuliwa," dada akamsahihisha.

"Wewe ulijitolea mwenyewe."

Fundi akaipokea karatasi, akasoma hadi mwisho, jambo ambalo ndugu yake hakulifanya. Figo mbili za zamani zinaonekana, ndiyo, lakini zimesinyaa, ndogo kupita kiasi. Figo iliyopandikizwa ina ukubwa wa kawaida na inapitisha damu vizuri. Mheshimiwa alikuwa ameisoma kama anavyosoma karatasi zote za ofisini kwake: mstari wa kwanza, halafu anatafuta mahali pa kuweka sahihi.

Na alielezwa. Kabla ya upasuaji daktari aliwakalisha wote watatu, akawachorea. Figo mbili zilizokufa zinabaki palepale zilipo, mgongoni, kwa sababu kuzitoa ni kumuumiza mtu pasipo lazima. Mpya inawekwa chini, tumboni. Wifi aliuliza maswali mawili. Fundi aliuliza manne. Mheshimiwa alikuwa ameinamia simu, anabishana na mtu kuhusu zabuni ya viti. Mchoro ulipomfikia aliusaini.

Angeweza kumweleza upya. Lakini kumweleza Mheshimiwa ni kumpa nafasi ya kujibu, na asubuhi ile hakuwa na tumbo la kuyameza majibu yake. Alimdharau, tena dharau ya siku nyingi, iliyokomaa. Kilichomsumbua ni kwamba aliogopa pia, na kumwogopea mtu unayemdharau ni kazi inayochosha kuliko kuchimba mtaro.

Akatoka nje, akazunguka nyuma ya jiko. Miaka mitatu nyuma mabomba ya nyumba hii yaliliwa na kutu ndani ya ukuta, na yeye ndiye aliyepitisha mapya kwa nje. Mheshimiwa alinuna wiki nzima kwamba nyumba yake imeharibiwa sura. Akashika koki kubwa, akaifunga hadi mwisho.

Aliporudi ndani alisema, "Njoo jikoni. Fungua maji."

Mheshimiwa alikuja kwa mwendo wa ukaguzi, akafungua. Bomba likakohoa, likatema matone mawili, likanyamaza.

"Umefunga maji."

"Nimefunga la nje tu. Yale yako ya zamani si bado yamo ukutani? Sikuyatoa hata moja. Yatumie."

"Yale yamekufa."

"Lakini yapo. Tukipiga picha ukuta huu yataonekana, la kulia na la kushoto."

Wifi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mheshimiwa aliutazama ukuta, akaitazama karatasi, kisha mkono wake ukashuka wenyewe hadi chini ya tumbo, upande wa kulia, ukatulia hapo.

"Hakuna aliyenieleza," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Ulielezwa. Ulikuwa unaagiza viti."

Akachukua dawa zilizokuwa juu ya kabati, akahesabu za asubuhi, vidonge vitatu, akamwekea kiganjani.

"Meza."

"Na maji?"

"Chota ya ukutani."

Alivimeza vikavu, kimoja kimoja, huku dada yake akimtazama koo. Cha tatu kilimkwama. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, na hakuna aliyempiga mgongo. Kilipopita, alishika ukingo wa sinki akabaki ameinama, afisa ugavi mzima, tai imelala ndani ya sinki.

"Shikamoo, dada," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Marahaba yako itasubiri majibu ya damu," fundi akasema. "Vaa viatu."

Kisha akatoka kwenda kuifungua koki, kwa sababu wifi alikuwa na vyombo vya kuosha.