Mkaratusi wa Urefu wa Mkono

Marehemu mume wa mjane huyu alikuwa fundi wa umeme. Kutwa alipanda nguzo za mikaratusi, jioni akarudi kuuhudumia mkaratusi mwingine, usiozidi urefu wa mkono, katika chungu bapa juu ya meza ya verandani. Walipomcheka alisema, "Ule wa kazini unanipandisha presha. Huu unaishusha."

Ni mti wa Australia, na kwao hukimbilia mawinguni. Fundi aliulea tangu mbegu kwa miaka kumi na tisa, akaufanya mdogo bila kuufanya mnyonge. Ukiinama ukautazama kutoka chini, ungeapa umesimama chini ya mti mkubwa.

Wiki mbili za msiba hakuna aliyeukumbuka. Mjane alipotoka na kopo la maji, majani yalimvunjikia vidoleni kama maganda ya vitunguu.

"Shemeji, huo umeshamfuata mwenyewe," alisema mdogo wa marehemu, aliyekuja kutengeneza bomba. "Utupe. Chungu kizuri hicho, panda vitunguu."

"Wewe uliyeng'oa vitunguu ukaacha magugu ndiye wa kunishauri?"

Shemeji alicheka, kisha akaweka spana chini. "Mimi naogopa usije ukalia mara mbili."

Hata mjane aliogopa hilo. Lakini alikumbuka mwaka ambao mumewe aliukata mti huo karibu wote, akabakiza kivimbe kilicho juu ya mizizi. Yeye alimpigia kelele: "Wewe bucha au mkulima?" Mumewe akasema uhai wa mkaratusi hujificha kwenye kivimbe, ila ukatwe wakati wa joto, si wa baridi.

Joto lilikuwepo. Alikikwaruza kivimbe kwa ukucha, akaona kijani chembamba kama uzi. Akashika msumeno.

Baada ya kukata, alibandua gome lililokufa. Ndipo alipoyaona makovu ya zamani, matatu, yaliyozibika vizuri hata ikabidi ayapapase. Yeye alishuhudia kukatwa mara moja tu. Huyu mtu alikuwa na subira ya namna gani, kuanza upya mara tatu bila kumwambia mtu?

Akakiweka chungu ndani ya beseni la maji, akangoja.

Siku ya ishirini na tatu yalitokeza machipukizi mekundu, kumi na moja.

"Loo! Mkaidi kama kaka!" shemeji alishangilia. "Yaache yote!"

Mjane aliyasugua kwa kidole gumba moja moja, hadi yakabaki mawili.

"Basi acha hili nene," shemeji alisihi.

"Hilo liko mbele, litaacha kidonda wazi. Hili jembamba limetokea pembeni mwa kidonda. Likinenepa litakifunika."

Akaling'oa lile nene.

Shemeji alimtazama. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nashona tu hapa, pembeni yake."

Akavuta kiti, akakigeuza chungu taratibu ili chipukizi lipate jua.