Wageni wa Chupa ya Tatu

Mpimaji alisuuza chupa zake, akazisuuza tena, wala hakuzifuta kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi na nyuzi ni chakula. Alizipindua juu ya karo zikauke zenyewe. Kwa mtu asiyeijua kazi yake, ilikuwa kama kazi ya kupokea wageni. Alichota tope kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, tope lililojaa vijidudu wasioonekana kwa macho, akawaosha, akawapulizia hewa, akawaacha na njaa mpaka matumbo yao yakawa matupu kabisa. Ndipo akawagawa kwenye chupa. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji matupu. Ya pili ilitiwa chumvi moja laini ambayo vijidudu huimaliza upesi. Ya tatu ilitiwa dawa ya kiwanda kilichoko juu ya mto, ile inayopakwa vitambaa vya miavuli ili maji yateleze.

Chupa zilikaa kabatini, gizani, kwenye ubaridi kama wa asubuhi ya mawingu. Kila kizibo kilikuwa na mshale. Vijidudu wakila hupumua, na wakipumua mshale hupanda. Kama dawa ingelika, basi ingeoza mtoni na kwisha. Kama isingelika, ingebaki majini, na mji mzima ulikunywa maji ya mto huo.

Chupa ya pili haikukawia kucheua. Ya tatu ilinyamaza.

Mchana mmoja, Mpimaji akiwa amefungua kibakuli chake cha chakula, wageni wa chupa ya tatu walipenya kwenye kizibo wakaja kukaa ukingoni mwa karo, miguu ikining'inia. Walikuwa na kimo cha kidole gumba, rangi ya majivu, wamelowa chapachapa, wengi kama watu kwenye foleni ya posta. Mpimaji aliweka kijiko chini. Alijua kwamba vijidudu ni wakubwa kwa umri kuliko hata mito.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwenyeji wetu," alijibu msemaji wao, mzee mwenye sauti ya povu. "Tumeonja. Tumetafuna kwa zamu, hata wale wenye meno mazuri. Hakitafuniki."

"Sina kingine, wazee. Nikiwapa kingine, kipimo kimeharibika."

"Tunajua. Hatukuja kuomba. Mle ndani ni giza tupu, tumetoka kubarizi kidogo."

Walibarizi. Kisha wakarudi chupani kwa mstari mmoja, mdogo mbele na mkubwa nyuma, ili kipimo kisipungukiwe na mtu.

Tangu hapo walitoka kila mchana. Mpimaji alihamisha kibakuli chake ukumbini ili harufu isiwasumbue, na mwisho akaacha kabisa kukibeba. Mama mkwe wake, aliyekuwa akikaa naye, aliligundua hilo kwa kumtazama tu shingo.

"Umekonda, mwanangu. Huko kazini mnalishwa hewa?"

"Nina wageni nimewanyima chakula, mama. Siwezi kula mbele yao."

"Wageni gani hao?"

"Wa chupa ya tatu."

"Ala. Nisalimie." Mama mkwe aliendelea kuchambua mboga. "Lakini hiyo kazi yenu, mh! Mimi singeiweza hata kwa kufungwa kamba."

Wageni walianza kudhoofu. Wengine hawakuweza tena kukaa, wakalazwa kwenye pamba pembeni mwa karo, na wenzao wakawabeba kuwarudisha kabatini. Hapo ndipo Mkuu wa maabara alipoingia, simu mkononi, akawapa wote habari za mchana.

"Dada, wenye kiwanda wananipigia asubuhi na jioni," alisema. "Hebu watilie sukari, kijiko kimoja tu. Wewe ni mama, huwaonei huruma?"

Mpimaji aliwatazama waliolala kwenye pamba. Kopo la sukari lilikuwa palepale kwenye rafu, na mkono wake ulikuwa umeshaligusa.

"Mwenyeji, acha," alisema msemaji. Alimgeukia Mkuu. "Bwana, una moyo mzuri, ahsante. Lakini tukila sukari tutapumua, mshale utapanda, nawe utasema tumekula dawa. Sisi tumekula vingi tangu dunia ianze, na vingine ni aibu kuvitaja mbele ya watu. Ila hatujawahi kusema tumekula tusichokula."

"Basi shauri yenu," Mkuu alisema, akatoka kupokea simu.

Mpimaji alirudisha mkono. Alikaa nao mchana kutwa, tumbo lake likinguruma pamoja na yao.

Kipimo kilipokwisha, mshale wa chupa ya tatu haukuwa umepita ule wa chupa ya maji matupu. Aliandika kwamba dawa haiozi. Jibu la wakubwa lilirudi upesi: kiwanda kiendelee na kazi yake kama kawaida, huku wakitafutwa wageni wengine wenye meno makali zaidi.

Siku hiyo aliwachukua wageni wake nyumbani ndani ya ndoo, amewafunika kwa kitambaa kibichi. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa sufuria yenye ukoko, maganda ya matunda na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Walianza wagonjwa, wakafuata wazee. Walikula ukoko, wakala maganda, wakala mafuta na masizi ya sufuria, wakahamia ukungu wa nyuma ya kabati ulioishinda familia miaka yote, wakaumaliza.

"Hawa ndio wageni!" alisema mama mkwe, mikono kiunoni. "Wanakula na kusafisha."

Msemaji alijifuta mdomo, akaomba maji. Mpimaji alifungua bomba, akajaza kisahani. Waliinama wote pamoja, wakainuka wote pamoja.

"Samahani, mwenyeji," alisema msemaji kwa upole. "Ile dawa imo humu pia."

"Ndiyo maji tuliyo nayo, mzee," alisema Mpimaji.

Wageni hawakutaka kumuaibisha. Wakanywa taratibu, wakiizunguka dawa kama mtu anavyozunguka miiba ya samaki, wakaiacha kisahanini.

Binti mdogo wa Mpimaji aliingia mbio kutoka kucheza, akawaamkia wageni, akakinga kikombe bombani, akakimaliza kwa pumzi moja. Akajaza cha pili.